Tuulize: Hizi programu za AI za kuandikia hadithi, mngetaka zirekebishwe nini?

Toleo lililopita niliuliza swali moja tu: nyinyi mnaotumia AI kuandika hadithi na mashairi, ni nini kinawasumbua na mngetaka kirekebishwe vipi. Barua zimekuja nyingi kweli, nimezisoma kwa matatu nikienda kazini, nimezisoma jikoni nikingoja maharagwe yaive, na karibu kila mtu amerudi pale pale: watu wanataka mashine inayokumbuka ilichoambiwa na isiyogusa ambacho haijaambiwa iguse. Mimi pia naandika hadithi kwa hivyo hili jambo liko karibu na roho yangu. Nimechukua barua tano, na jibu langu liko chini ya kila moja.

Sasa dada. Naandika riwaya kwa simu, usiku watoto wakilala, nimefika sura ya 22. Kuna jamaa anaitwa Otis, kondakta wa matatu za Kayole, sura ya 4 alipoteza mkono wa kushoto kwa ajali pale Outering. Sura ya 15 nikaomba AI inisaidie na harusi ya dadake, ikamfanya apige makofi! Sura ya 17 shangazi Halima amegeuka kuwa mamake. Nikiikosoa inaomba msamaha vizuri sana alafu kurasa tatu mbele inarudia yale yale. Kwani haiwezi kutengenezwa ikakumbuka? — Mama wawili, Kayole

Pole sana mama wawili, na hongera, sura 22 kwa simu si kazi ya mchezo.

Iko hivi. Hii mashine haikumbuki vile wewe unakumbuka. Kila ukituma ujumbe inasoma upya maandishi yaliyoko kwenye chati, na kuna kiasi inachoweza kubeba kwa wakati mmoja, kinahesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. GPT-3, mojawapo ya hizi mashine, ya mwaka 2020, ilibeba tokeni 2,048 peke yake, kwa Kiswahili hiyo ni kurasa chache tu. Za siku hizi zinabeba laki moja na zaidi lakini hapo ndipo watu wanadanganyika, kwa sababu kubeba si kuzingatia, jambo likiwa limefukiwa katikati ya maandishi marefu linaweza kupitwa kuliko lile la mwanzo au la mwisho. Na programu nyingine zinakata sura za zamani kimyakimya ili kupunguza gharama, wewe unadhani imesoma yote kumbe imeanzia sura ya 11. Otis wako mkono wake ulibaki huko nyuma.

Na sisi wa Kiswahili tunaumia mara mbili. Hivyo vipande vilikatwa kwa kufuata maandishi ambayo mengi yake ni ya Kiingereza, ndiyo maana neno letu moja kama "hawatanisaidia" linakatwakatwa vipande kadhaa wakati neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi linabaki zima. Kwa hivyo hadithi ile ile ikiwa ya Kiswahili inajaza nafasi haraka, na mahali mtu analipia kwa tokeni, analipa zaidi kwa kuandika lugha yake. Hili kwangu ni la kwanza kabisa, lirekebishwe kabla ya mapambo mengine yote wanayotuwekea.

La pili ni daftari la wahusika. Kuna programu za hadithi ambazo tayari zina mahali pa kuandika nani ni nani, lakini mara nyingi kazi ya kujaza ni yako, na mtu anayeandika saa tano usiku amechoka hana hiyo nguvu. Ninachotaka mimi ni programu isome sura zangu yenyewe, iniletee orodha, Otis, mkono mmoja, ona sura ya 4, Halima ni shangazi, ona sura ya 2, mimi nikubali au nikatae, alafu kabla haijaandika harusi iangalie hilo daftari kwanza. Na nione yote inayojua kuhusu hadithi yangu, nisifichwe kitu, kwa sababu ikikosea huko chini nitakosea nayo hadi mwisho.

Kwa sasa fanya hivi: kila sura ukimaliza andika mistari mitano ya muhtasari na mabadiliko ya wahusika, weka kwa noti za simu, na kila ukianza kipindi kipya pesti hiyo juu kabisa. Inachosha lakini Otis hatapiga makofi tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Buruburu. Niliagiza tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, mizani minane kwa minane, kuhusu jiji letu. Nikaletewa "Nairobi mji mkuu, ninakupenda sana". Nilipoikosoa ikaniapia kwamba mizani imetimia. Vijana wakifundishwa na hiki chombo itakuwaje?

Shikamoo mwalimu. Nimehesabu mizani, yaani silabi, na vidole vyangu. Na-i-ro-bi-m-ji-m-ku-u, tisa. Ni-na-ku-pe-nda-sa-na, saba. Ukijumlisha unapata 16, kwa hivyo mtu asiye makini anaweza kusema mshororo uko sawa, kumbe ukwapi, nusu ya kwanza, umezidi na utao, nusu ya pili, umepungua. Linganisha na "Nairobi nakujia, mwanao nimerejea", pande zote nane. Si mshororo wa kushindania zawadi lakini unaimbika.

Sababu ni hizo hizo tokeni mwalimu. Mashine haioni silabi, inaona vipande, na kipande kimoja kinaweza kuwa nusu ya silabi au silabi tatu pamoja. Ikikuambia "nimehesabu" mara nyingi haikuhesabu, imeandika tu jibu linalofanana na majibu ya watu waliohesabu. Na hapo ndipo nakasirika kidogo, kwa sababu Kiswahili ni lugha rahisi sana kuhesabika! Karibu kila irabu ni mizani moja, ongeza zile m na n zinazosimama peke yake kama m-tu na n-chi, basi. Kanuni chache tu, programu ndogo ya kawaida isiyo na AI yoyote ndani yake inaweza kufanya hiyo kazi bila kukosea sana. Waiunganishe hapo, mashine itunge, kihesabio kikague mizani na vina, ukipungua urudi ukatungwe upya kabla ya kutufikia sisi. Washairi wanaangalia mizani kabla ya kusoma kwa watu, hata mashine ifanye hivyo.

Na ikose kuapa. Ningeheshimu zaidi programu inayoniambia "mshororo huu sina hakika nao, hesabu wewe".

Niaje, mimi ni boy wa Githurai, naandika hadithi fupi. Niliandika makanga anaita "Beba beba, mbao hadi tao!" nikaomba AI inirekebishie tahajia tu. Ikanirudishia "Utingo akasema: tafadhali ingieni, nauli ni shilingi ishirini hadi mjini." Manze niliskia vibaya. Nifanyeje iache kusafisha watu wangu?

Ndugu yangu, umeskia vibaya na una haki. Hakuna makanga amewahi kusema tafadhali ingieni hapo stejini, na msomaji wako wa Githurai akifika hapo anafunga hadithi. Kuharibu sauti ya mtu wakati umeombwa tahajia peke yake ni kosa kubwa kuliko kuacha tahajia mbaya, mimi naliona hivyo na sitabadilisha.

Hii inatokea kwa sababu imesoma Kiswahili cha magazeti, cha ofisi na cha vitabu kuliko kile cha stejini, na Sheng yenyewe haikai, ya Githurai si ya Umoja, ya mwaka huu si ya mwaka juzi. Sasa kuna wengine wataomba mashine ifundishwe Sheng zaidi. Mimi hapo siko sana, naona bora ifundishwe kunyamaza. Ningeomba vitu viwili tu. Kufuli, unachagua sehemu, kwa mfano yote yaliyo ndani ya alama za usemi, na programu haiwezi kuigusa hata ikitaka. Alafu marekebisho yaje kama ya mhariri wa kalamu nyekundu, neno la zamani limepigwa mstari, jipya liko kando, nakubali moja moja. Si kunirudishia ukurasa mzima umebadilishwa nianze kutafuta nini kimeibiwa. Programu za kawaida za kuandikia zimekuwa na hiyo ya kuonyesha mabadiliko miaka mingi, sioni kwa nini za AI nyingi zinairuka.

Kwa sasa mwambie hivi: "Niorodheshee makosa ya tahajia peke yake, usiandike upya sentensi yoyote." Alafu urekebishe kwa mkono wako.

Naandika hadithi ya upelelezi, muuaji namwita "yeye" na "daktari" sura tisa, msomaji asijue ni mwanamke. Nikaomba tafsiri ya Kiingereza ya kutuma kwa shindano, ukurasa wa kwanza tu daktari amekuwa mwanaume. Kuna dawa? — Msomaji, South B

Hii barua nimeipenda sana. Umetumia kitu ambacho lugha yetu inakupa bure, "alifika, akafungua mlango, akanawa mikono", hakuna mume hakuna mke. Kiingereza kinalazimisha uchague na mashine inachagua kwa kukisia, na kwa kuwa maandishi mengi iliyosoma daktari alikuwa mwanaume, inakisia hivyo. Kinachotakiwa ni programu iulize: huyu ni nani, au unataka nifiche? Swali moja tu lingeokoa sura zako tisa. Wewe kabla ya kutafsiri iambie wazi kwamba jinsia imefichwa makusudi, sentensi zizunguke viwakilishi, irudie cheo au ibadilishe mpangilio, alafu ukague mstari kwa mstari maana itateleza mahali.

Dada, mimi shida yangu ni pesa na usalama. Wanataka dola kila mwezi kwa kadi, mimi sina kadi, na mwezi mwingine siandiki hata neno. Na je, riwaya yangu nikiipesti huko inabaki yangu? — Fundi simu, barabara ya Tom Mboya

Ya pesa tuko pamoja. Sisi hapa tunanunua bando ya saa moja, ya siku, ya wiki, tunalipa na M-Pesa, kwa hivyo mtu anayetaka mwandishi wa Nairobi aje na malipo ya siku ninayoandika, si ya mwezi niliolala. Na ifanye kazi hata mtandao ukikatika, angalau kuandika na kuseivu, AI ije baadaye mtandao ukirudi. Nasema hivi nikiwa na uchungu, mimi nilipoteza sura mbili kwa apu moja iliyokuwa inaseivu huko kwao tu, bando ikaisha nikiandika, nikafungua kesho yake hakuna kitu.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikitengenezwa na kompyuta, mtunzi ni mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane, na kile ulichoandika kwa mkono wako ni chako kuanzia mwanzo. Lakini umiliki ni jambo moja na matumizi ni jingine. Fungua mipangilio utafute mahali wanasema maandishi yako yanaweza kutumika kufunza mashine, uzime kama kunazimika, na kama hakuna mahali pa kuzima usipesti riwaya nzima, peleka aya moja unayohitaji msaada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako binafsi zinatumiwaje, lakini hiyo ni jina, namba na mambo kama hayo, riwaya iko kwa hakimiliki. Ningetaka hicho kitufe kiwe ukurasa wa kwanza kabisa, kwa Kiswahili, kabla mtu hajaandika neno lolote.

Na kopi ya riwaya weka sehemu mbili, simu na fleshi. Wewe ni fundi, fleshi hukosi.