Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Atomu Huungana?

Swali: Tulifundishwa kwamba sodiamu ikitumbukizwa majini hutoa joto kali na huweza kulipuka, na kwamba klorini ni gesi ya sumu. Chumvi imeundwa kwa hizo mbili, lakini hailipuki wala haina sumu ya klorini. Ile sumu na ule ukali huenda wapi? Je, ni kweli kwamba sodiamu hutoa elektroni moja kwa sababu inataka kubaki na elektroni nane za nje?

Jibu: Ukali wa sodiamu na sumu ya klorini havikuwa vitu vilivyofichwa ndani ya viini vya atomu hata tuulize vimekwenda wapi. Tabia ya kikemia ya atomu hutegemea zaidi elektroni zake za nje, na hizo ndizo zinazobadilika chumvi inapoundwa. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zilizopangika 2, 8 na 1, ilhali ya klorini ina 17, zilizopangika 2, 8 na 7. Zikikutana, elektroni ile moja ya nje ya sodiamu huhamia kwa klorini, nazo hubaki ioni mbili, ya sodiamu ikiwa na chaji chanya na ya kloridi ikiwa na chaji hasi. Kiini hakikuguswa, sodiamu bado ina protoni 11 na kwa hiyo bado ni sodiamu. Hata hivyo, elektroni ambayo metali ya sodiamu huyapa maji kwa urahisi mkubwa imekwisha kutolewa, na nafasi ambayo klorini huijaza kwa kupokonya elektroni za dutu nyingine, zikiwemo za tishu za mapafu, imekwisha kujazwa.

Sehemu ya pili ya swali inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa maelezo ya “kutaka nane” yamezoeleka mno na yanapotosha. Kuing'oa elektroni ya nje kutoka katika atomu za sodiamu zilizo katika hali ya gesi hugharimu kilojuli 496 kwa moli moja (kipimo cha kemia cha idadi ya atomu au molekuli). Atomu za klorini zinapozipokea elektroni hizo hutoa kilojuli 349 tu. Kwa hiyo uhamisho peke yake una upungufu wa kilojuli 147, na kama habari ingeishia hapo, chumvi isingekuwepo. Sodiamu haitoi elektroni yake kwa hiari. Hunyang'anywa, na kwa gharama.

Kinacholipa gharama hiyo ni mvutano wa ioni zenyewe baada ya kuundwa. Ioni hizo hujipanga katika fuwele, kila moja ikizungukwa na sita za chaji iliyo kinyume na yake, na zinapokusanyika hivyo kutoka katika hali ya gesi hutoa takriban kilojuli 787 kwa moli. Ukiondoa upungufu tuliotaja, pamoja na nishati ya kutenganisha atomu za sodiamu na metali yake na ya kupasua molekuli za klorini, bado hubaki kilojuli zipatazo 411, ambazo ndizo joto na mwanga unaoonekana sodiamu inapoungua ndani ya klorini. Mvutano huo ndio pia unaoifanya chumvi isiyeyuke mpaka joto lifikie nyuzi 801 za selsiasi, ilhali metali ya sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98.

Kanuni ya nane, ambayo Gilbert Lewis wa Marekani aliieleza katika makala yake ya mwaka 1916, ni msaada mzuri wa kukumbuka fomula, lakini si sababu ya jambo lolote. Katika boroni trifluoridi, boroni huzungukwa na elektroni sita tu. Naitrojeni monoksaidi ina elektroni kumi na moja za nje kwa jumla, na hesabu ya witiri haiwezi kugawanyika katika jozi kamili. Zenoni, ambayo tayari ina nane na kwa hiyo ilidhaniwa haiungani na chochote, ilitengenezewa kampaundi na Neil Bartlett nchini Kanada mwaka 1962.

Swali: Mwalimu wetu wa biolojia husema kwamba nishati imehifadhiwa ndani ya miungano ya kikemia na hutoka miungano hiyo inapovunjwa. Mwalimu wa kemia husema kwamba kuvunja muungano huhitaji nishati. Tumwamini nani?

Jibu: Wa kemia. Chukua atomu mbili za haidrojeni zinazokaribiana. Elektroni zao mbili huvutwa na viini vyote viwili kwa pamoja, na nishati ya jumla hushuka kadiri zinavyosogeleana, hadi viini vinapokuwa umbali wa pikomita 74 hivi. Zikisogeleana zaidi ya hapo, viini vinavyosukumana huipandisha nishati tena. Muungano ni hali hiyo ya chini kabisa, kama gololi iliyotulia chini ya bonde, na kuitoa gololi bondeni ni kazi kwa vyovyote vile. Kwa haidrojeni, kazi hiyo ni kilojuli 436 kwa moli.

Basi haidrojeni inapoungua, joto hutoka wapi? Moli mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni huhitaji kilojuli 872 na 498 ili miungano yao ivunjwe, yaani 1,370 kwa jumla. Katika moli mbili za maji zinazopatikana kuna miungano minne ya oksijeni na haidrojeni, na kuundwa kwa kila mmoja hutoa takriban kilojuli 463, yaani 1,852 kwa jumla. Tofauti, kilojuli 482 hivi, ndiyo joto la moto. Kwa hiyo nishati hutoka pale miungano mipya, iliyo imara zaidi, inapoundwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ambayo bila shaka ndiyo aliyoikusudia mwalimu wa biolojia: muungano wa fosfati huvunjwa kwa gharama, lakini miungano inayoundwa badala yake pamoja na mvutano wa mazao hayo na maji hurudisha zaidi ya kilichotumika. Kusema kwamba muungano wa fosfati “umejaa nishati” ni ufupisho ambao, kwa maoni yangu, vitabu vya shule vingefaa kuuacha.

Swali: Maji yanapochemka, je, mapovu yale ni haidrojeni na oksijeni?

Jibu: La, ni mvuke wa maji. Kuchemka hutenganisha molekuli moja na nyingine, na hilo huhitaji takriban kilojuli 41 kwa moli. Miungano iliyo ndani ya kila molekuli haiguswi. Kuyagawanya maji kuwa haidrojeni na oksijeni huhitaji kilojuli 286 kwa moli, na njia iliyozoeleka ni kuyapitishia umeme, kama William Nicholson na Anthony Carlisle walivyofanya huko London mwaka 1800.