Si mabilionea peke yao wanaoipinga

Ndugu yangu, unasema anayepinga sheria ya kutangaza wachangiaji wa kampeni kule Marekani ni tajiri mwenye la kuficha. Sio wote. Mwaka 2006 majirani wa Parker North, Colorado, hawakutaka mtaa wao uingizwe kwenye mji wa Parker. Wakachapisha mabango ya kusimika uani, wakasambaza vipeperushi. Gharama haikufika hata dola 1,000. Waliotaka muungano wakawashtaki kwamba wamevuka dola 200, kiwango kilichowekwa na sheria ya jimbo, bila kujisajili kama kamati, kufungua akaunti benki na kuorodhesha waliochangia. Mabango ya uani, jamani! Hapo ndipo hoja ya uhuru wa kusema inapouma: ukihitaji wakili ili umwambie jirani yako apige kura ya hapana, wengi watanyamaza tu.

Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwapa majirani hao ushindi, ikisema mzigo wa kutii sheria ulikaribia au kuzidi pesa walizochanga. Mamilioni ya dola, hayo nakubaliana nawe, majina yatajwe. Hata kesi ya Citizens United, ambayo mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliyapa makampuni uhuru wa kutumia pesa zao kwenye kampeni, haikufuta sharti hilo la kutaja majina.