Shamba la mteremkoni: maswali yenu kabla ya mvua ya vuli

Nina ekari moja Murang'a, inateremka hadi mtoni. Mvua ya Aprili ilisomba udongo wa juu. Oktoba nipande miti gani? (Msomaji, Kasarani)

Usinunue mche hata mmoja kwanza. Nenda ukatembee shambani mvua ikinyesha, uone maji yanaanzia wapi na yanapata kasi wapi. Kisha pima mistari inayokata mteremko kwa usawa. Fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe likining'inia kwa kamba katikati, zinatosha kwa kazi hiyo. Kwenye kila mstari chimba mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo uutupe upande wa juu. Njia hii huitwa fanya juu, nayo wakulima wa Machakos wanaijua vizuri. Juu ya tuta la udongo huo panda nepia (majani ya ng'ombe) na kaliandra (mti mdogo ambao majani yake hulisha mifugo), na mgrevilea, mti wa mbao na kuni, hapa na pale. Lakini mahali palipowahi kuporomoka usichimbe mtaro wa kuzuia maji. Paachie nyasi na miti, na umwite afisa wa kilimo apaone.

Suala hili linakuhusu hata ukiwa Kasarani. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, hukohuko Murang'a, na udongo unaosombwa mashambani huishia mitoni na mabwawani.

Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa Embu. Kaliandra ngapi zitamtosha? (Msomaji, Umoja)

Utafiti uliofanywa hukohuko Embu ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na kwamba ng'ombe mmoja anahitaji takriban miti 500 kwa mwaka. Usiogope hesabu hiyo: ukipanda kwa nafasi ya nusu mita, ni ua wa mita 250, na matuta na mipaka ya shamba huubeba bila kugusa mahindi. Ila muulize mama kwanza nani atakata majani kila siku. Mipango mingi inayopangwa Nairobi kwa simu hukwama hapo, na mwenye jembe ndiye anayestahili kuamua.

Baba mdogo anataka mikaratusi kando ya chemchemi. Tumkatalie? (Msomaji, Rongai)

Ndiyo, kwa heshima. Mkaratusi hunywa maji mengi. Mtafutieni kona kavu, mbali na maji na mazao, naye apate nguzo zake. Chemchemini pandeni mikuyu.

Mgrevilea hautapunguza mahindi? (Msomaji, Kahawa West)

Utapunguza ukiuacha utandaze matawi. Upogoe kabla ya kila msimu wa kupanda, na matawi yawe kuni.

Mbegu za uhakika ni wapi? (Msomaji, Kikuyu)

Uko jirani nazo: KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, Muguga. Waambie shamba liko kwenye mwinuko gani kabla hawajakupimia.