Gari limezama tope? Toa mguu kwenye mafuta

Mvua za huku kwetu Tabora na Kigoma huanza Novemba na kutuachia Aprili. Katikati hapo kila mtu ana lake la kukwama. Haya ni baadhi ya maswali yaliyonifikia.

Fundi, shikamoo. Nina Noah ya zamani, inasukumwa na matairi ya nyuma. Ilizama njia ya kijijini huku Sikonge. Tairi la kushoto lilizunguka tu, la kulia limetulia, na nilivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyoshuka. Ningefanyaje?

Marahaba. Ungeacha kukanyaga. Tairi linalozunguka palepale linajichimbia kaburi, na gari likishalalia tumbo hutoki hata uwe na injini ya treni. Zima, shuka, tazama. Tumbo likiwa limegusa, anza na chepe: toa udongo chini, kisha chimba mteremko mdogo mbele ya matairi yote, si lile lililozama peke yake. Tandika matawi au magunia. Punguza upepo, tairi la psi 30 lishushe hadi 20 hivi, litanuke na kushika eneo kubwa. (Ukitoka tafuta pampu mapema. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami huchemka na kupasuka.)

Kuhusu tairi moja kuzunguka, hiyo ni kazi ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma: inapeleka nguvu kule kwenye ulaini. Kwa gari kama lako, vuta hendibreki kidogo tu huku ukiachia klachi taratibu kwenye gia ya pili. Lile tairi jepesi litapata upinzani, na la kulia litapata nguvu. Usukani uwe umenyooka. Mara nyingi kurudi nyuma ni rahisi kuliko kwenda mbele, kwa sababu njia uliyojia umeshaikandamiza.

Mimi ni bodaboda, Uvinza. Udongo mweusi wa mbugani unajaa kwenye madigadi ya mbele mpaka tairi haligeuki.

Fungua madigadi, ifunge kwenye keria, uvumilie kuchafuka. Tairi la nyuma likizama, abiria ashuke, mzigo ushuke, na wewe ushuke. Simama pembeni, weka gia ya kwanza, tembea nayo. Ikigoma, funga koki ya mafuta, ilaze ubavu, jaza shimo majani na udongo mkavu, kisha iinue.

Mdogo wangu yuko Kanada. Anasema pikipiki ya theluji ilizama, wakaitoa kwa kukanyagakanyaga theluji kwa miguu. Ananitania? Kasulu.

Hakutanii. Mashine ile mbele ina skii mbili, na nyuma badala ya tairi ina mkanda mpana wa mpira. Ukizungushwa kwa pupa nao unachimba shimo. Theluji laini imejaa hewa, kwa hiyo ukiikanyaga inashikana na kubeba uzito. Basi wanafukua kuzunguka mkanda, wanakanyaga njia ya mbele, pengine wanailaza mashine ubavu ili wajaze shimo, kisha mmoja anavuta skii na mwingine anabonyeza mafuta kidogo. Nyuma ya mkanda hasimami mtu. Penye mteremko wanaielekeza chini.

Ila usiige kukanyaga huko kwenye mbuga zetu. Udongo wetu uliolowa umejaa maji, hauna hewa ya kutoka. Kila ukiukanyaga unazidi kulainika.

Lori la tumbaku limekwama Kaliua. Tulivute kwa kufunga kamba kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela?

Msithubutu. Kikikatika kinaruka na kinaua. Fungeni kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi, tupieni blanketi zito juu ya kamba, na watazamaji wakae mbali kuliko urefu wake. Kabla ya yote, shusheni mzigo, hata kama tajiri atanuna.

Maji yanakatiza barabara kwa kasi, yanafika magotini. Nipite?

Hapana. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuelesha gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale yaliyoinuka. Subiri yapungue.

Vijana waliotusukuma walidai hela nyingi baada ya kazi. Ni haki?

Wamechafuka kwa ajili yako, walipwe. Lakini bei mpatane kabla mtu hajagusa gari, na hela mkabidhi mmoja wao mbele ya wenzake wote.