Inazima ikipata moto: iacheni kabureta kwanza

SWALI: Nimefufua pikipiki ya zamani ya silinda moja, mipigo minne, yenye platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche). Asubuhi inawaka kwa kiki ya kwanza. Ikitembea dakika 20 hivi inakohoa, inazima, na haiwaki mpaka ipoe. Fundi ameshafungua kabureta mara nne; sasa anataka kutoboa jeti (kipande cha shaba chenye kitundu kinachopima petroli) ili iongeze mafuta. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Jeti iliyoziba ingekusumbua hata hiyo asubuhi, wala haizibuki yenyewe kwa kupoa. Kinachoharibika kwa joto na kupona kwa baridi kwa kawaida ni umeme au tapeti (skrubu za kuseti nafasi ndogo kwenye valvu).

Ikizima, pima hapohapo; ikipoa, ushahidi umekwenda. Iache plagi ya zamani mahali pake, waya wake uchomeke kwenye plagi ya akiba, uigusishe kwenye chuma cha silinda, kisha piga kiki. Cheche nene ya buluu inayolia ni nzima. Ikiwa ya manjano na nyembamba, au hakuna kabisa, anza na kondensa, kifaa kidogo kinachozuia platini zisirushe cheche. Gizani, zungusha injini ukitazama platini: zikirusha cheche kubwa na nyuso zake zimeungua, kondensa imekwisha. Kuzipiga msasa tu ni kupoteza muda, zitaungua tena. Weka kondensa mpya, seti platini milimita 0.3 hadi 0.4, halafu hakiki taimingi (wakati cheche inapotoka) kwenye alama ya F ya gurudumu la sumaku, maana ukigusa nafasi ya platini umegusa na taimingi. Ukikosa kondensa ya asili, tumia yoyote ya platini yenye mikrofaradi 0.2 hadi 0.3, uifunge nje, mbali na joto la injini, ganda lake liguse chasisi. Cheche ikibaki dhaifu, pima koili (inayokuza umeme wa cheche) ikiwa ya moto na ikiwa baridi, ulinganishe.

Cheche ni nzuri lakini kiki imekuwa nyepesi? Tapeti zimebana. Valvu zilizosagwa upya huzama kidogo kwenye viti vyake, nafasi inapungua, na joto likizidi valvu ya ekzosi haifungi tena. Pima injini ikiwa imelala usiku kucha, pistoni ikiwa juu mwisho wa mgandamizo. Injini ndogo nyingi hutaka milimita 0.05 hadi 0.10, kitabu chake ndicho kinachoamua. Fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite ikikwaruza kidogo.

Na mfuniko wa tanki: ukiufungua ukasikia inavuta hewa, kitundu chake cha hewa kimeziba na petroli haishuki vizuri.

Sasa hili la kutoboa jeti. Namba moja ya jeti na inayofuata hupishana kwa sehemu chache tu za mia za milimita. Ni drili gani ya mkononi inayotoboa kwa kipimo hicho? Hata sindano au waya wa chuma hukwaruza shaba, na jeti hiyo hairudi tena kuwa namba yake. Husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, basi. Wale wanaotoa chujio la hewa "ipumue", au kuchanganya oili kwenye petroli ya injini ya mipigo minne, ni walewale: wanaficha dalili, na mwenye pikipiki anarudi na pistoni iliyokwaruzika. Kama jeti yako imeshaguswa na waya, itupe, nunua yenye namba iliyoandikwa kitabuni, ndipo urudie vipimo hivi toka mwanzo.