Jibu: Feni inazunguka, kioo cheusi, mashine inalia

Mkuu wa Kirumba, Mwanza, uliyeuliza kuhusu kompyuta yako isiyoonyesha kitu: kompyuta ya mezani ambayo feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi na inatoa milio mirefu inayojirudia, mara nyingi tatizo ni ramu (kipande cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Usikubali kuuziwa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kabla ya kujaribu hili. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 kumaliza chaji iliyobaki, gusa chuma cha kasha, ndipo uchomoe ramu. Sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa ufutio safi wa penseli. Unyevu wa Ziwa Victoria hapo kwenu huyatia utando. Pangusa mabaki yote. Rudisha ramu moja tu, ikandamize mpaka vishikizo vibane, jaribu kila tundu. Ikiwaka ila saa imerudi nyuma, badilisha betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, inayotunza saa: ni CR2032, volti 3.