AC ya paani inaunguruma halafu inapuliza joto: pima umeme kabla ya kulaumu gesi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua gari-nyumba lililotumika, uko kwenye kambi ya magari-nyumba karibu na San Antonio, Texas, AC ya paani ni ile yenye pampu ya joto, yaani inapoza na pia inaweza kupasha joto. Asubuhi inapoza vizuri. Ikifika saa nane mchana inaunguruma, inafanya "tik", kisha feni inabaki ikipuliza hewa ya moto. Fundi kaangalia dakika tano, kasema gesi ya kupozea imeisha, ununue AC mpya. Usinunue bado.

Mimi nimeishi kwenye gari la namna hiyo miaka minne huko Arizona, na kabla ya kuja Marekani nilikuwa fundi friji Tanga. Ufundi wenyewe ndio ulionipotosha. Kwetu AC ikigoma, mdomo unasema "gesi" kabla macho hayajaona kitu. Lakini hizi za paani mfumo wake umechomelewa kiwandani, nyingi hazina hata sehemu ya kuunganishia geji ya kupimia presha ya gesi. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, pana tundu. Na ingekuwa imekwisha, hata hiyo saa kumi na mbili asubuhi usingepata baridi. Yako inakufa mchana tu. Jiulize mchana kuna nini ambacho asubuhi hakipo.

Kuna majirani. Kambi nzima inawasha AC kwa wakati mmoja, na umeme kwenye nguzo yako, ile ya kambi unayochomekea gari, unashuka. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi mita ilisoma volti 119. Mchana 111 kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikiwa imezimwa, na ikijaribu kuwaka inaporomoka hadi 98. Kompresa ikinyimwa volti inavuta ampia nyingi zaidi, inachemka, swichi yake ya kujilinda inakata. Hiyo ndiyo "tik" yako. Ikipoa inajaribu tena, inakata tena, na kila jaribio linaila. Mimi ikishuka chini ya 105 naizima, nalala na feni na kitambaa kibichi shingoni.

Kwa hiyo chomeka mita kwenye soketi ya ndani ya gari, soma AC ikiwa imezimwa, kisha mtu awashe huku wewe unaangalia namba. Hii ya pili ndiyo yenye habari. Kama volti zinaanguka, anza na waya. AC moja ya BTU 13,500 au 15,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikiwa inakwenda inakula ampia kama 12 hadi 16, lakini kwenye kuwaka inaweza kuruka juu ya 50 kwa kitambo kidogo mno. Ile ekstensheni nyembamba ya rangi ya chungwa ya mashine ya kukatia majani haiwezi mzigo huo. Shika plagi baada ya nusu saa: ikiwa ya moto, au meno yake yameungua kuwa ya kahawia, umepata mchawi wako. Mimi nilibadilisha plagi na kuhamia nguzo nyingine, nikapata nusu ya dawa.

Nusu nyingine ilikuwa kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme na kuipa kompresa msukumo wa kuwaka. Hapa naomba uwe makini kuliko kwenye kitu kingine chochote. Chomoa waya wa kambi, zima jenereta, zima inveta (inayogeuza umeme wa betri). Hata hapo kapasita inabaki na umeme, na inaweza kukurusha kutoka paani. Imwage kwa rezista yenye waya zilizofunikwa, kisha uhakikishe kwa mita kwamba haina volti. Kama hujawahi kufanya hivyo, muite anayejua, si aibu. Yangu iliandikwa mikrofaradi 45, ikapima 33. Kawaida inaruhusiwa kupotea asilimia tano au sita tu. Kapasita iliyochoka huweza kuiwasha kompresa asubuhi kukiwa na ubaridi, ila joto likipanda, presha ndani ya mabomba inapanda nayo, na hapo haina nguvu ya kuisukuma. Nilinunua nyingine kwa bei ya chakula cha mchana. Fundi alikuwa ameshaniandikia bei ya AC nzima.

Ukiwa huko juu umefungua kifuniko, safisha koili ya nje, yale mabomba yenye mapezi membamba ya bati. Mimi nilikuta nyigu wamejenga vyumba vya tope kana kwamba wamelipia kodi. Tumia brashi laini na maji ya taratibu. Maji ya presha yanalaza mapezi.

Likibaki tatizo la baridi hafifu wakati kompresa inakwenda sawa, shuka ndani. Pima joto la hewa inayoingia kwenye filta na inayotoka kwenye tundu la karibu kabisa na AC. Tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi, AC ni nzima. Mimi nilipata 5. Nikafungua kava ya dari na kukuta mwanya kati ya upande wa baridi na upande wa hewa ya kurudi: baridi ilikuwa inatoka na kunyonywa papo hapo, chumbani hakifiki kitu, na koili inaganda barafu. Niliziba kwa tepu ya foili ya aluminiamu. Ile tepu ya kitambaa ya kijivu usiiguse, gundi yake inaachia kwa joto.

Umeuliza pia kuhusu majira ya baridi. Pampu ya joto ni AC hiyo hiyo, ila vali inageuza mkondo wa gesi ili koili ya paani iwe ya kunyonya joto. Nje kukishuka kwenye nyuzi 4 au 5 hivi, nyingi zinajizima au zinakuachia hita ya gari inayochoma gesi ya mtungi, kwa sababu koili ya juu ingeganda. Usiku wa kwanza Flagstaff, mji wa baridi huko milimani Arizona, niliilaani bure, haikuwa mbovu. Ikiwa unaomba joto kukiwa na nyuzi 12 na bado inatoa baridi, hapo shuku vali au waya wake.

Fanya kipimo cha volti leo saa nane mchana, uniandikie namba zote mbili, urefu na unene wa waya unaotumia, na kama nguzo yako ni ya ampia 30 au 50. Picha ya plagi pia.